Wizara ya Elimu Zanzibar inasimamia nini, na mzazi agonge mlango gani?

Suali: Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mtambwe, Wilaya ya Wete. Mdogo yuko darasa la sita skuli ya Serikali, na tangu muhula uanze hana mwalimu wa hesabu. Wa kati kamaliza kidato cha nne, matokeo yametoka, lakini jina lililoandikwa silo la cheti chake cha kuzaliwa. Mkubwa kamaliza kidato cha sita na ameitwa na chuo cha binafsi huko Unguja mjini ambacho hatukijui. Wanataka tulipe haraka kabla nafasi hazijajaa. Nimekwenda ofisi moja ya elimu nikaambiwa baadhi ya mambo haya si yao, ni ya Dar es Salaam. Hivi Wizara yetu inasimamia nini khasa, na mimi niende wapi?

Jibu: Waalaykumu salaam, mama. Uliyemkuta ofisini hakukudanganya, ila alikuacha njia panda, na hilo linaniuma. Mtumishi wa elimu akimwambia mzazi "hili si letu", wajibu wake ni kumalizia: ni la fulani, na unaanzia mahali fulani. Mzazi anayetoka Mtambwe kwa gari ya abiria, kaacha shughuli zake, hastahiki kurudi na neno nusu.

Watoto wako watatu ni wa nyumba moja, lakini kila mmoja shida yake iko kwenye mamlaka tofauti. Wa kwanza ni wa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ya Zanzibar moja kwa moja. Wa pili kasomeshwa na Wizara hiyo, lakini karatasi yake ni ya Baraza la Mitihani la Tanzania. Wa tatu ameshaingia kwenye elimu ya juu, na huko anayeamua chuo ni chuo au si chuo ni chombo cha Muungano.

Mgawanyo huu unatoka kwenye Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Mwishoni mwake kuna Nyongeza ya Kwanza, yenye orodha ya mambo ya Muungano. Ukiisoma utakuta mambo mawili yanayohusu masomo ya mtoto: elimu ya juu, na Baraza la Mitihani la Taifa, ndilo hilo la Tanzania, pamoja na kazi zake. Elimu ya maandalizi, ya msingi na ya sekondari hazimo. Kisichokuwamo kwenye orodha hiyo, kwa upande wetu, ni cha Serikali ya Mapinduzi. Kwa hivyo tangu mtoto anapoingia maandalizi mpaka anapotoka kidato cha sita, skuli anayosoma inasimamiwa na Wizara yetu kwa Sheria ya Elimu namba 6 ya 1982 na marekebisho yake, na Waziri wake anahojiwa Chukwani kwenye Baraza la Wawakilishi, hahojiwi Dodoma Bungeni.

Jambo hili watu hulipuuza, kisha wanababaika na taarifa ya habari. Tanzania Bara skuli za Serikali za msingi na sekondari ziko chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na sera inatungwa na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Waziri wa huko akitangaza jambo la skuli za msingi, usilichukue kuwa linamhusu mtoto wako wa Mtambwe mpaka ulisikie kwa Wizara ya hapa. Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, kwa uamuzi wake wenyewe. Sera ya Elimu ya 2006 ikafanya msingi kuwa miaka sita wakati Bara wakiwa bado na darasa la saba. Na mtoto wa kike aliyepata ujauzito, hapa Zanzibar alikuwa na ruhusa ya kurudi skuli akishajifungua miaka mingi kabla ya Bara kuruhusu hilo mwezi Novemba 2021. Hapo ndipo utaona uzito wa maneno "si jambo la Muungano". Maisha ya wasichana wengi yalipita kwenye maneno hayo.

Sasa tuje kwa mdogo wako.

Mwalimu mkuu haajiri walimu. Anapokea anaoletewa. Akikosa mwalimu wa hesabu anachoweza kufanya ni kumgeuza mwalimu wa somo jingine azibe pengo, na kupeleka maombi juu. Kwa hivyo ukimlaumu yeye peke yake utakuwa humtendei haki, lakini huwezi pia kumruka, kwa sababu suali la kwanza utakaloulizwa Wete ni "mwalimu mkuu kasemaje?" Anza naye. Muulize kama upungufu ule ameuandikia barua, lini, na kwa nani. Kama kaandika, kamati ya skuli ipate nakala. Kama hajaandika, kamati imuombe aandike. Kamati ya skuli ni chombo halali chenye wazazi ndani yake, na barua yenye saini ya mwenyekiti wa kamati haiwekwi kando kwa wepesi kama malalamiko ya mzazi mmoja aliyekuja amekasirika.

Kutoka hapo ngazi ni Afisa Elimu wa Wilaya, Wete. Huyu ndiye anayejua skuli gani katika wilaya ina walimu wa hesabu wengi na ipi haina hata mmoja, na kuhamisha mwalimu ndani ya wilaya ni jambo la karibu naye. Juu yake yuko Afisa Elimu wa Mkoa wa Kaskazini Pemba. Na juu yao, kwa kisiwa chote, yuko Afisa Mdhamini wa Wizara, Chake Chake. Watu wa Unguja hawamjui sana huyu kwa sababu hawamhitaji. Wao wana Katibu Mkuu jirani. Kwa Pemba, Afisa Mdhamini ndiye anayesimama mahali pa Katibu Mkuu, na barua yako haihitaji kupanda boti kwenda Unguja kabla haijapita kwake. Nimeona wazazi wa Micheweni na Mkoani wakikusanya nauli kwenda Wizarani Unguja kwa jambo ambalo lingemalizika Chake.

Kuna mlango mwengine ambao wazazi hawaugongi kabisa, nao ni ukaguzi. Wizara ina Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Elimu, na kazi ya wakaguzi ni kuingia madarasani. Mkaguzi akifika skuli anataka kuona azimio la kazi la muhula, andalio la somo la siku ile, na daftari la mahudhurio la walimu na la wanafunzi. Kisha anachukua madaftari machache ya watoto, anafungua. Hapo hakuna maneno ya kupamba. Daftari la hesabu ambalo tarehe ya mwisho ni ya wiki ya tatu ya muhula, na baada ya hapo kurasa ni nyeupe, linasema kila kitu. Mama, daftari kama hilo liko kwenye mkoba wa mwanao. Barua yako kwa Afisa Elimu wa Wilaya iwe na nakala ya ukurasa huo. Andika jina la skuli, darasa, somo, tarehe ya kipindi cha mwisho kilichofundishwa, na idadi ya watoto wa darasa hilo. Usiandike "elimu imeporomoka". Andika "tangu tarehe fulani darasa la sita halijafundishwa hesabu". Sentensi ya kwanza haina wa kuijibu, ya pili lazima mtu aijibu.

Na haraka uliyonayo ni ya haki. Mtihani wa kumaliza skuli ya msingi unatungwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar, lililoundwa kwa sheria ya 2012, na matokeo yake ndiyo yanayotumika kuwachagulia watoto madarasa ya michepuo na skuli za vipawa, yaani za waliofanya vizuri zaidi. Isitoshe, Sera ya 2006 iliweka hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Mtoto anayekosa mwalimu darasa la sita anakosa somo, na anakosa pia lugha ambayo somo hilo litamuendeshea mpaka kidato cha nne. Mimi sikuwahi kukubaliana na haraka ya mpango ule, na bado naona mtoto wa shamba ndiye anayeulipia zaidi, kwa kuwa nyumbani Kiingereza hakisikii. Lakini maadamu ndio mpango, mwalimu asikosekane.

Skuli za binafsi sitazikalia sana kwa kuwa hukuuliza. Ziko chini ya Wizara hiyohiyo. Zinasajiliwa na Mrajis wa Elimu, na mzazi ana haki ya kuomba kuona cheti cha usajili kabla ya kulipa ada. Chuoni anaposoma Qur-ani ni jambo jengine; huko mambo yake yanakwenda kwa Ofisi ya Mufti.

Sasa wa kati, na suala la jina. Hili ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Skuli za sekondari ni za Wizara yetu, na mtihani wa kidato cha pili ni wa Baraza la Mitihani la Zanzibar. Lakini mtihani wa kidato cha nne na wa kidato cha sita ni wa Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa 1973. Maana yake Wizara inayomfundisha mtoto siyo inayomtungia mtihani wa mwisho, wala siyo inayoandika cheti chake. Kuna watu miaka yote wanataka mitihani hii nayo irudi Zanzibar. Naielewa hoja yao: mwalimu wa kidato cha tatu anabadilisha mtazamo mzima wa kufundisha kwa sababu mwenye mtihani amebadilika. Mimi mwenyewe naona faida ya cheti kimoja ni kubwa zaidi. Kijana wa Wete mwenye cheti hicho anaomba chuo Mwanza, Mbeya au Dodoma bila ya mtu kumuuliza kipimo alichopimwa. Penye kasoro pa kutengenezwa ni baina ya kidato cha pili na cha tatu, na hapo Wizara yetu haihitaji ruhusa ya mtu.

Jina la mtahiniwa linapelekwa na skuli wakati wa usajili. Skuli ndiyo kituo cha mtihani, na mwalimu anayeshughulikia usajili ndiye anayeingiza majina. Kosa huanzia hapo. Katika rejista ya skuli mtoto ameandikwa "Mohd" kwa kufupisha, kwenye cheti cha kuzaliwa ni "Mohamed". Au ni Khamis, kaandikwa Hamisi. Au majina matatu, la mtoto, la baba na la babu, yakaingia mawili, au la babu likaondoka likaja la ukoo. Skuli hakuna anayeona tatizo kwa sababu kila mtu anamjua mtoto. Tatizo linatoka miaka miwili au mitatu baadae, pale anapoomba chuo au mkopo na mtambo unalinganisha jina la cheti cha mtihani na la cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi.

Matokeo yametoka, cheti hakijakufikia. Wakati wako mzuri ni huu. Nenda kwa mwalimu mkuu na cheti cha kuzaliwa na nakala ya fomu aliyojaza mtoto wakati wa usajili, kama skuli imeihifadhi. Kama fomu iko sawa na kosa limetokea wakati wa kuingiza, skuli ina hoja ya kuliandikia Baraza la Mitihani la Tanzania mara moja. Kama fomu yenyewe ilijazwa vibaya na mtoto akaitia saini, ukweli ni kwamba kubadilisha jina kwenye cheti kilichokwisha kutoka ni kugumu mno. Hapo wengi wanakwenda njia ya hati ya kiapo kwa mwanasheria au mahakamani, inayoeleza kuwa majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na wanaiambatisha kila wanapoomba kitu. Na kama kosa liko kwenye cheti cha kuzaliwa, hilo ni la Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Hapo Wizara ya Elimu haimo kabisa.

Usikubali kuambiwa "nenda Dar es Salaam" kwa hatua hizi. Mtahiniwa wa skuli anaanzia skuli.

Mkubwa, sasa. Naomba mama usilipe hata shilingi mpaka umalize kusoma hapa.

Elimu ya juu kuwa jambo la Muungano haina maana kwamba Zanzibar haiwezi kuwa na chuo kikuu chake. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilianzishwa kwa sheria ya Baraza la Wawakilishi ya 1999, mkuu wake ni Rais wa Zanzibar, na kwenu Pemba kina kampasi. Kuna vyuo vikuu vya binafsi pia: Zanzibar University kule Tunguu na SUMAIT kule Chukwani. Kuna na tawi la IIT Madras ya India, lililoanza Bweleo mwaka 2023. Muungano unaingia kwenye ithibati. Chuo kikuu chochote, cha Serikali au cha binafsi, cha Unguja au cha Kigoma, lazima kitambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Wizara yetu inatunga bajeti ya SUZA na inafuatilia mambo yake, lakini shahada inapata nguvu kwa TCU.

Kwa hivyo kwanza ujue chuo hicho kinatoa nini. Kama kinasema kinatoa shahada, kitafute TCU. Kama ni stashahada au astashahada ya uhasibu, afya, kompyuta na mfano wake, mwenye kauli ni Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET. Kama ni ufundi wa mkono, yaani umeme, useremala, ushoni, upishi, basi umerudi nyumbani: ni Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, iliyo chini ya Wizara yetu, ambayo ina vituo Mwanakwerekwe, Mkokotoni, Makunduchi, Vitongoji, na hapo hapo kwenu, Daya.

Kila mwaka TCU hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili. Ndani yake kila chuo kimeandikwa, na kila programu, na sifa zake. Jambo hili la programu ndilo linalowatega wazazi. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa, lakini kozi aliyoitiwa mwanao haimo. Mtoto atasoma miaka mitatu, atavaa joho, kisha ataambiwa shahada yake haitambuliki. Tafuteni jina la kozi, msiridhike na jina la chuo. Na muangalie sifa: kwa aliyetoka kidato cha sita, kiwango cha chini cha shahada ni alama kuu mbili, yaani masomo mawili aliyofaulu kwa A hadi E, zenye jumla ya pointi nne katika masomo yanayotakiwa na kozi hiyo, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kama mwanao hana pointi hizo na chuo kimemkubalia shahada bila ya kuuliza, kiogopeni chuo hicho.

Neno "nafasi zinajaa" lisikutishe. Tangu 2017 mwanafunzi anaomba chuoni moja kwa moja, lakini maombi huenda kwa madirisha yanayotangazwa na TCU, na aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja tu. Chuo halali kinafuata tarehe hizo. Kinachosema lipa leo usiku ama umekosa, kimeshajieleza.

Juu ya mkopo nitakuwa mfupi. Mpo na milango miwili: Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, ya sheria ya 2011, iliyo chini ya Wizara yetu, na Bodi ya Mikopo ya Tanzania, ya sheria ya 2004, ambayo Mzanzibari naye anaomba kwa kuwa elimu ya juu ni ya Muungano. Someni masharti ya zote mbili kabla ya kuamua, na msiombe mikopo miwili kwa gharama ile ile. Zote zitataka nyaraka zenye jina moja, kwa hivyo kabla hujajaza chochote, yatandaze mezani: cheti cha kuzaliwa cha mkubwa, cheti chake cha kidato cha nne, matokeo ya kidato cha sita, na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Visomeni pamoja, herufi moja moja. Ikiwa jina la mkubwa nalo lina tofauti kama la wa kati, mshughulikie yeye kwanza, kwa sababu dirisha la mkopo litafungwa kabla cheti cha wa kati hakijachapishwa.

Na barua zako zote, ya Wete na ya skuli, peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili wakugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe, urudi nayo. Ukifika kwa Afisa Mdhamini bila ya nakala hiyo, utarudishwa ulikoanzia.